Kizibao cha Kaboni

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo tukiwa mstarini asubuhi, na mwalimu mkuu akaendelea kuhutubia kama vile haioni. Baadaye Mwalimu wa Kiswahili ametuagiza kila mmoja aandike shajara ya muhula mzima. Amesema hatazisoma, atatazama tu kama kurasa zimejaa, kwa hiyo tusiogope kuandika kweli.

Kweli yangu ni hii. Baba yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka jana moyo wake ulianza kusahau kupiga. Haukumuuma, ulisahau tu, na siku moja akaanguka karakanani akiwa ameshika bawaba ya geti. Hospitali walimpandikizia kifaa kidogo chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, cha kuukumbusha moyo kazi yake. Baba hukiita Mpangaji. Daktari alimwambia kwamba kwa hali yake asisogelee tena mashine ya kuchomelea, kwa sababu ikiwaka hutoa nguvu za sumakuumeme zinazoweza kumchanganya Mpangaji, na Mpangaji akichanganyikiwa, basi.

Karakana sasa inaendeshwa na baba mdogo. Mama ameenda kufanya kazi ya kufua katika hoteli kwenye mji mwingine, mbali. Nyumbani tumebaki Baba, mimi na redio.

Hesabu yangu ni rahisi: Baba akirudi kazini, Mama atarudi nyumbani.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Baba ameunguza chakula akisikiliza redio. Tumekula hivyo hivyo.

Ijumaa, 8 Machi

Leo maktabani nimekuta jarida la zamani la sayansi lisilo na jalada. Ndani yake kuna makala kuhusu watu wanaochanganya unga wa kaboni na plastiki au gundi na kupata kitu chepesi kinachozuia mawimbi ya sumakuumeme. Wanakitumia kufunika vyombo vya hospitali na vya ndege, ili kimoja kisikisumbue kingine. Nimesoma sentensi hiyo mpaka mkutubi akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Mchana nilimfuata Mwalimu wa Fizikia kwenye maabara. Ni mwanamke mrefu anayeongea taratibu, na chaki hukaa nyuma ya sikio lake kama penseli ya seremala.

"Shikamoo, Mwalimu. Sumakuumeme inaweza kuzibwa?"

"Marahaba. Inaweza. Ipi?"

"Yote."

Alicheka. "Wewe nawe, una tamaa! Haya, lete kazi hiyo kwenye maonyesho ya mwisho wa muhula. Anza na gundi na kaboni, tuone utafika wapi."

Sikumwambia ni ya nini. Nilitaka kwanza iwe kweli, ndipo niitamke.

Jumapili, 10 Machi

Mama amepiga simu. Sauti yake Jumapili huwa imechoka kwa namna ya pekee, kama nguo iliyokamuliwa.

"Baba yako anakula?"

"Anakula."

"Analala?"

"Analala, Mama."

"Na wewe?"

Nikasema mimi ni mzima. Kisha nikampa Baba simu, naye akatoka nayo barazani. Alirudi mapema kuliko nilivyotarajia. Wao wawili siku hizi huongea kama watu wanaobeba kitu cha kioo.

Alhamisi, 14 Machi

Nimetwanga mkaa wa jikoni, nikauchuja kwa kitambaa, nikauchanganya na gundi nyeupe na kuupaka kwenye kipande cha jinzi. Kilipokauka nikapima kwa mita ya umeme ya maabara. Mshale haukutikisika hata kidogo. Kitu kisichopitisha umeme hakiwezi kuzuia mawimbi, nimeshaelewa hilo.

Mwalimu amesema mkaa wa kupikia haukupata moto wa kutosha kuwa kaboni nzuri. Nitafute betri kavu zilizokufa; katikati ya kila moja kuna kijiti cheusi cha kaboni. Nivae glavu na kitambaa puani, nifanye kazi nje, na nisiguse ule unga mwingine uliomo ndani.

Darasani mikono yangu ilikuwa bado na weusi kwenye kucha. Msichana anayekaa mbele yangu, tunayemwita Kasuku kwa sababu hanyamazi, amegeuka akaniangalia.

"Mkaa, leo umepika kwa nani?"

Wote wamecheka. Hadi saa ya kutoka nimeshakuwa Mkaa. Aliyekuwa rafiki yangu alihamia shule nyingine mwaka jana, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumtazama wakati wanacheka. Nimetazama dirishani.

Jumamosi, 16 Machi

Baba mdogo amekuja kama kila Jumamosi, na mfuko wa vitu vya nyumbani. Huwa haingii. Anasimama mlangoni huku maji yakimchuruzika, akiwa amevaa aproni ya ngozi ya Baba.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaka yupo?"

"Amelala."

Baba hakuwa amelala. Tulikuwa tunamsikia akikohoa chumbani. Baba mdogo alitazama mlango wa chumba, akatazama viatu vyake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama Baba huwa anauliza habari za karakana.

"Haulizi."

"Vizuri," akasema, akaondoka.

Vizuri! Nimekaa na neno hilo mchana kutwa. Ameshika karakana, ameshika mashine, amevaa mpaka aproni, na anafurahi kwamba mwenyewe haulizi.

Jumanne, 19 Machi

Betri nimepata nyingi. Fundi saa wa pale kona amenipa boksi zima akaniuliza kama nafungua kiwanda.

Jumamosi, 23 Machi

Kazi ya unga inachosha. Vijiti vya kaboni ni vigumu, na vikivunjika vinateleza mkononi kama samaki. Nilianza kwa kuweka unga kidogo kwenye gundi: mita kimya. Nikaongeza: kimya. Nikaongeza tena: kimya. Gundi ilikuwa nyeusi tititi, mtu angeapa kwamba imejaa, na bado hakuna kitu kilichopita. Nilikaribia kukata tamaa. Nikapiga moyo konde, nikaongeza kijiko kimoja tu, na kipande hicho kilipokauka mshale uliruka hadi upande wa pili.

Nilipiga kelele peke yangu uani. Kuku wa jirani wakakimbia.

Jumatatu, 25 Machi

Mwalimu amenieleza. Ndani ya gundi kila chembe ya kaboni inakaa peke yake, imezungukwa na gundi. Hata ziwe nyingi namna gani, kama hazigusani umeme hauna pa kupita. Ukiongeza, inafika mahali ambapo moja inaigusa nyingine, na hiyo inaigusa nyingine, mpaka njia inafunguka kutoka ukingo hadi ukingo. Ndiyo maana mabadiliko huja ghafla.

Saa ya chakula nilikula peke yangu nyuma ya maabara, nikiwaangalia wenzangu barazani, wamebanana wakikwepa mvua.

Jumatano, 27 Machi

Mwalimu wa Fizikia ameondoka. Mama yake anaumwa. Hatujui atarudi lini.

Jumamosi, 30 Machi

Leo nimegundua Baba huenda wapi jioni. Huniambia anaenda kunyoosha miguu. Nilikuwa natoka dukani na mwavuli, nikamwona amesimama chini ya paa la duka la rangi lililofungwa, ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana. Hakuwa anaangalia. Alikuwa amefumba macho.

Nilisimama kando yake. Hakushtuka. Ndani ya karakana baba mdogo alikuwa anachomelea, na mwanga wa buluu ulikuwa unaruka ukutani.

"Sikia," Baba akasema. "Chuma kikichomelewa vizuri kinalia kama kitu kinachokaangwa, sauti moja tu, haikatiki. Sasa msikilize huyu. Anakimbizwa na nani?"

Nilisikiliza. Kweli, sauti ilikuwa inakatika, inarukaruka.

"Ingekuwa wewe?" nikauliza.

Alifungua mkono wake wa kulia na kuufunga, akaufungua tena. Tulirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja, na bega lake la kushoto nililikinga vizuri, la kwangu likaloa.

Nimeamua. Kazi yangu haitakuwa boksi la kuonyesha shuleni tu. Itakuwa kizibao, cha Baba kuvaa kazini.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekata suruali mbili kuukuu za jinzi za Baba. Nguo mbili, kaboni katikati, kifua na mgongo. Ikikauka inakuwa ngumu kama ubao na ikikunjwa inapasuka, kwa hiyo napaka tabaka jembamba, nasubiri, napaka tena. Mvua hairuhusu kitu kukauka. Nimekining'iniza juu ya jiko. Nyumba nzima inanuka gundi.

Baba ameuliza, "Hicho ni nini?" Nikasema ni kazi ya shule. Amekigusa, akaangalia mshono, akasema mshono wa begani utaachia. Amechukua sindano akaushona upya mwenyewe, kwa mshono wa kurudia. Ni mara ya kwanza tangu Mama aondoke kumwona anatengeneza kitu.

Alhamisi, 4 Aprili

Nataka kuandika kila kitu.

Kizibao kimekauka. Baada ya chakula Baba alikuwa anasikiliza taarifa ya habari. Nilisema, "Baba, naomba redio kidogo." Nikaiviringisha ndani ya kizibao, nikafunga vizuri pande zote. Mtangazaji alikatika katikati ya neno. Ikabaki sauti ya kuchakacha, kisha hata hiyo ikafifia.

"Umeiua redio yangu!"

"Haijafa. Haisikii tu."

Nikafungua. Mtangazaji akarudi, anaendelea na mambo yake kama vile hakuna aliyemfumba mdomo. Baba alinyakua kizibao akafunga mwenyewe. Kimya. Akafungua. Sauti. Akafunga. Akacheka, Baba yangu, mpaka akashika meza. "Ningekuwa nacho hiki wakati wa hotuba za mwenye nyumba akidai kodi!" Akaviringisha na simu yake, akanituma kwa jirani nikaipigie. Ikajibu kwamba haipatikani. Alikuwa kama mtoto, nami nilikuwa nacheka kama mtoto mwenzake.

Kisha akaacha kucheka. Alikishika kizibao kwa mikono miwili akakiangalia kwa muda, na akaelewa. Sikuwa nimemwambia lolote, lakini aliona ni kipimo chake, na vifungo viko upande anaoupenda.

Akagusa chini ya bega la kushoto. "Na huyu Mpangaji? Kitamkinga?"

"Kitamkinga, Baba."

Nilisema hivyo. Nilisema haraka, kwa sababu uso wake ulikuwa umefunguka na sikutaka ujifunge tena.

"Usimwambie mama yako," akasema. "Nikishafanya kazi ya kwanza, tutampigia pamoja."

Jumapili, 7 Aprili

Mama amepiga. Nilikuwa nimeuma midomo kwa kuficha furaha. Ameniuliza mbona nacheka. Nikasema mvua imepungua. Haijapungua hata kidogo.

Jumatano, 10 Aprili

Baba amekijaribu mbele ya kioo. Amenyoa ndevu. Ameanza kuamka kabla yangu.

Kasuku ameniita Mkaa mara nyingi leo na sikusikia hata moja.

Ijumaa, 12 Aprili

Nitaandika sawasawa, bila kuruka kitu.

Mwalimu wa Fizikia amerudi leo. Nilikuwa na kipande kilichobaki cha kizibao, nikampelekea baada ya vipindi. Alikipima kwa mita, akakikunja, akakipima tena. "Safi sana," akasema. "Sikutegemea ufike hapa. Umejaribu kuziba nini?"

"Redio, Mwalimu. Na simu. Zote zimenyamaza."

"Vizuri. Utaonyesha hivyo kwenye maonyesho?"

Ndipo nikamweleza. Nilianza na moyo wa Baba, nikaja kwenye daktari, mashine, Mama, hoteli, kizibao. Nilikuwa natabasamu. Niliona uso wake unabadilika kabla sijamaliza, na tabasamu langu likabaki peke yake, halina pa kwenda.

Alitoa dira kwenye droo, akaiweka mezani, akaifunika na kipande changu. Akachukua sumaku akaipitisha juu. Kisha akanyanyua ukingo wa kipande ili nione. Sindano ya dira ilikuwa inaifuata sumaku huku na huku, kama vile katikati yake hapakuwa na kitu kabisa.

"Mawimbi ya redio yanatikisika haraka mno," akasema taratibu. "Hayo kaboni yako inayaweza, ukifunga pande zote. Mashine ya kuchomelea inatoa na nguvu nyingine, ya sumaku, kubwa na ya polepole. Hiyo inapita kwenye gundi na kaboni kama maji kwenye chandarua. Tena kizibao kina shingo, kina makwapa. Kipo wapi sasa?"

"Kwenye msumari, nyumbani."

"Kimbia."

Nilikimbia. Mvua ilikuwa inamwagika na barabara ilikuwa imejaa maji hadi kwenye vifundo. Nilifika nyumbani. Msumari ulikuwa mtupu. Redio ilikuwa inaimba peke yake sebuleni.

Sijui nilifikaje karakanani. Nilisikia sauti zao kabla sijaingia. Baba alikuwa amesimama katikati, kizibao kimefungwa vifungo vyote, kinyago cha kuchomelea mkononi. Baba mdogo alikuwa ameegemeza mgongo kwenye swichi kuu ya ukutani, ameikumbatia kwa nyuma. Mteja mmoja, mama aliyekuja kuchukua dirisha lake, alikuwa amejibana kwenye kona na mwavuli wake.

"Sogea," Baba alikuwa anasema.

"Sisogei."

"Hii karakana ya nani?"

"Ya kwako, kaka. Nipige ukitaka. Sisogei."

"Unafikiri nimekuja kichwa kichwa? Mtoto wangu amepima! Ameziba redio, ameziba simu, nimeona kwa macho yangu. Wewe umesoma nini? Yeye amepima!"

Ndipo wakaniona mlangoni. Uso wa Baba uliwaka. "Huyo hapo! Njoo, binti yangu, mwambie baba yako mdogo."

Nilikuwa sina pumzi. Hakuna kitu nilichotaka maishani kama kunyamaza wakati ule. Kama ningenyamaza, Baba angeendelea kunitazama vile.

"Baba, nilipima vibaya."

"Nini?"

"Kinaziba redio. Hakizibi mashine. Mwalimu amenionyesha sasa hivi. Sumaku inapita. Hakitakukinga, Baba. Kivue, tafadhali."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Baba aliangalia kifua chake. Kisha akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, kutoka juu. Alikivua, akakikunja vizuri kama mtu anavyokunja nguo ya mwenzake, akanikabidhi. Akatoka nje kwenye mvua bila kinyago, bila mwavuli.

Baba mdogo alitelemka ukutani mpaka akakaa chini.

"Mfuate," nikamwambia.

"Muache kwanza. Hataki kuonwa." Akajifuta uso na aproni. "Kila jioni namwona amesimama pale ng'ambo. Kila jioni naomba asivuke. Nachomelea haraka haraka ili nimalize, naye aende nyumbani. Kazi yangu imekuwa mbovu hata wateja wanasema."

Niliuliza jambo la kijinga. "Na aproni yake unavaa ya nini?"

Akaitazama. "Wateja wakiiona wanauliza habari zake. Sitaki waache kuuliza."

Yule mama wa dirisha alifungua mwavuli wake, akaninyooshea. "Shika, binti. Mimi nasubiri hapa hapa." Nikaenda nyumbani. Baba alikuwa chumbani, mlango umefungwa, nguo zake zilizoloa ziko sakafuni barazani.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua. Baba hajatoka chumbani ila kunywa maji.

Jumapili, 14 Aprili

Mama alipiga. Baba hakupokea, na hakunipa simu. Iliita mpaka ikachoka.

Jumanne, 16 Aprili

Hasemi kwamba amekasirika. Nikimsalimia anaitikia. Ameacha tena kunyoa.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemwambia Mwalimu kwamba sitashiriki maonyesho. Amesema, "Ulichopata ni kitu cha kweli. Kizibao hakikudanganya. Sisi ndio tuliosema kinaweza zaidi ya hapo." Alisema *sisi*, lakini yeye hakuwepo.

Redio haijawashwa wiki nzima. Ningetoa chochote isikike, hata ile taarifa ya habari.

Jumamosi, 20 Aprili

Baba mdogo alikuja na mfuko wake. Alisimama mlangoni kama kawaida, maji yakimchuruzika. Nikasema, "Karibu ndani, baba mdogo. Kaa." Aliniangalia kama mtu aliyeitwa jina asilolizoea. Akavua viatu, akaingia, akakaa kwenye ncha ya kiti.

Hatimaye akatoa karatasi mfukoni, imelowa. Mteja anataka ngazi ya chuma ya kuzunguka, ndani ya chumba chembamba, na yeye kwenye ngazi za mzunguko huwa anapotea. Ameshakata chuma, akakosea. Akawa ananionyesha mimi, mimi nisiyejua kitu, huku akiongea kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Sasa nikiweka nguzo hapa katikati, mlango haufunguki. Nikiiweka hapa, mtu akipanda anagonga kichwa. Nafikiri nimwambie tu anunue kamba awe anajivuta."

Chumbani kitanda kililia.

"Au nimpunguzie vipago vya kukanyagia, awe anaruka kama chura."

"Umepima chumba ukiwa na mlango wazi au umefungwa?" Sauti ya Baba ilitoka nyuma ya mlango.

Baba mdogo alinikonyeza, lakini macho yake yalikuwa na maji. "Umefungwa, kaka."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo, kaka."

Mlango ukafunguka. Baba alichukua karatasi akaitazama kwa kuchukia, akaomba chaki. Ninazo nyingi, Mwalimu huziacha kila mahali nami huziokota. Alipiga magoti sebuleni, tukasukuma meza, akachora ngazi nzima sakafuni, kila kipago mahali pake, anapima kwa mkono, anafuta kwa kiwiko, anamtukana mdogo wake kwa furaha ya mtu aliyekuwa na kiu. Baba mdogo alikuwa anauliza maswali, na mengine nadhani alikuwa anajua majibu yake.

Alipoondoka ilikuwa inaanza kuingia giza. Baba alibaki amekaa sakafuni, vumbi la chaki kwenye ndevu.

"Hilo la sumaku," akasema bila kunitazama, "mwalimu wako alikuonyeshaje?"

Nikaleta sumaku ya mlango wa kabati. Dira hatuna, nikatumia pini yangu ya nywele, nikaweka kipande cha kaboni katikati. Pini ikaifuata sumaku. Baba alifanya mwenyewe, tena na tena, polepole. Safari hii hakucheka. Alipomaliza aliniwekea mkono kichwani, mkono wenye chaki, akauacha hapo muda mrefu.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemwambia Mwalimu nitashiriki. Baba amekwenda na baba mdogo kupima chumba cha ngazi. Hakuna mashine huko, kuna futi na penseli tu.

Ijumaa, 26 Aprili

Maonyesho. Meza yangu ilikuwa karibu na choo, kwa hiyo watu walipita wengi. Upande mmoja niliweka redio na kitambaa cha kaboni: inanyamaza. Upande wa pili dira, sumaku na kitambaa hicho hicho: sindano inageuka. Nilieleza pande zote mbili kwa kila mtu, na wengi walipenda upande wa kwanza tu. Sikushinda chochote. Aliyeshinda ametengeneza mlima wa volkano unaotoa povu.

Kasuku alikuja mwishoni, watu wameisha. "Nipe nishike." Akashika kipande, akakisugua, vidole vyake vikawa vyeusi. Nilingoja aseme lolote. Aliviangalia, akasema, "Sasa tuko wawili," akasaidia kubeba meza.

Jumapili, 28 Aprili

Jua limetoka asubuhi na halijarudi ndani. Uani maji yamekauka, ila kwenye nyayo.

Mama alipopiga nilipokea mimi, nikatoka barazani kabla Baba hajaniuliza. Nilimwambia yote: kizibao, redio, ule usiku tuliocheka, swichi kuu, sumaku. Nilimwambia kwamba nilitaka Baba arudi kazini ili yeye arudi nyumbani, na kwamba imeshindikana, na ni mimi niliyeshindwa. Nililia vibaya, kwa kwikwi, mpaka jirani akachungulia.

Mama alingoja mpaka nikamaliza kulia.

"Mwanangu," akasema, "nani alikwambia nasubiri arudi kwenye mashine?"

"Si ndiyo maana ulienda?"

"Baba yako alikuwa anataka kurudi kabla hata nyuzi za kidonda hazijatoka. Alikuwa anasema, nyumba italishwa na nani? Nikamwambia, nitaenda mimi. Nilikuja huku ili asirudi. Unanisikia? Nilikuja ili asirudi."

Nilikuwa namsikia. Muhula mzima nimekuwa nikivuta kamba upande mmoja, kumbe yeye ameshikilia upande wa pili, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

"Kwa hiyo hutarudi?" nikauliza.

"Nitarudi. Sijui lini, sitaki kukudanganya. Lakini nirudi nimkute."

Kisha akaniuliza kama mikono yangu imetakata. Nikamwambia bado. Akasema nisugue na mafuta kwanza, ndipo sabuni, yeye sasa ni mtaalamu wa madoa, hoteli nzima inamtegemea. Akacheka. Nikacheka huku nikifuta kamasi. Nikamwambia anahitaji kuongea na Baba, aongee naye kama zamani, na akasema, "Mpe."

Baba amekaa na simu barazani. Mwanzoni alikuwa anajibu neno moja moja. Nimepika, nimekula, nimeosha vyombo, bado anaongea, anamweleza Mama habari za ngazi ya kuzunguka, kila kipago. Mama lazima atakuwa amechelewa kazini.

Sasa amemaliza. Anachora uani geti jipya la mteja, kubwa la milango miwili, kwa chaki kwenye saruji, na utepe wa futi unamshinda akiwa peke yake. Ananiita nikamshikie ncha ya pili.